Maswali ya Wasomaji: Sari Zinazofumwa kwa Mikono

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu sari za India na Bangladesh zinazofumwa kwa mikono. Barua zilizotufikia zinaonyesha kwamba wengi hawaulizi namna ya kuivaa sari, bali wanataka kuujua ukweli wa nguo yenyewe: nani ameifuma, kwa muda gani, na amelipwa nini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Ndugu Mhariri, nilinunua sari ya hariri nikaambiwa ni ya Banaras na kwamba imefumwa kwa mkono. Shemeji yangu ameiona na kusema ni kazi ya mashine. Nitawezaje kujua mwenyewe, bila kumtafuta mtaalamu?

Anza kwa kuigeuza. Upande wa mbele unaweza kumdanganya hata mnunuzi mzoefu, lakini upande wa nyuma hauna pa kuficha namna maua yalivyoingizwa. Katika kazi bora ya Varanasi, mji ulio kando ya mto Ganga ambao wengi bado wanauita Banaras, kila ua hufumwa peke yake kwa uzi wake uliozungushiwa kijiti kidogo. Mfumi huuingiza uzi wa zari, yaani uzi unaong'aa wa fedha na dhahabu, pale ua linapoanzia, huurudisha pale linapoishia, kisha huhamia ua la pili na la tatu, na hurudia kazi hiyo katika kila mstari wa mshindio, yaani uzi unaopita kwa mapana ya nguo, mpaka ua likamilike. Mtindo huu huitwa kadhua, na nyuma yake huwa safi kwa sababu hakuna uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine. Mashine za kawaida hufanya kinyume chake: huupitisha uzi wa nakshi kwa mapana yote ya nguo, ukingo hadi ukingo, na sehemu zinazobaki zikining'inia nyuma hukatwa baadaye, kiasi kwamba ukipapasa utahisi visiki vya nyuzi vikikwaruza ngozi.

Hata hivyo usiihukumu sari yako kwa dalili hiyo peke yake. Wafumi wa mkono wa Varanasi nao wana mtindo wa kuupitisha uzi wa nakshi kwa mapana yote, unaoitwa fekwa, na nyuma yake huweza kukatwa nyuzi vilevile. Kwa hiyo nyuma iliyo safi, yenye maua yaliyosimama kila moja peke yake, ni ushahidi mzuri wa kazi ya mkono, lakini nyuma yenye visiki haitoshi kuthibitisha kazi ya mashine. Endelea kutazama. Je, umbali kati ya maua ni uleule kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho, au kuna tofauti ndogo ndogo, kwa kuwa mkono hauwezi kuukaza mshindio kwa nguvu ileile asubuhi na jioni? Tazama pia kingo mbili za nguo. Mfumi hutanua upana wa kitambaa kwa ufito wenye ncha za sindano, ambao husogezwa kadiri kazi inavyosonga mbele, na mara nyingi huacha safu ya vitundu vidogo sana pande zote mbili.

Swali la hariri ni jingine kabisa, nalo lisichanganywe na hili. Chomoa uzi mmoja mwishoni mwa sari uuchome: hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika ukiyasugua kwa vidole, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Jaribio hili linaeleza uzi ni wa nini, wala halielezi umefumwa na nani. Ndivyo ilivyo pia kwa alama za serikali ya India. Silk Mark, iliyoanza mwaka 2004, inathibitisha hariri tu, na sari ya hariri halisi iliyotoka kwenye mashine inaweza kuibeba kihalali. Alama inayohusu kazi ya mkono ni Handloom Mark, iliyoanzishwa mwaka 2006. Sari za Banaras zenyewe zilisajiliwa mwaka 2009 chini ya sheria ya India inayolinda majina ya bidhaa kufuatana na mahali zinapotoka.

Naongeza jambo moja, kwa kuwa nimeona watu wakiwaonea wafumi bila kukusudia. Ukiona picha ya kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, kilichofungwa juu yake msururu wa kadi zenye matundu, usidhani hiyo ni mashine. Huo ni mtambo wa Jacquard, uliobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na kazi yake ni kuchagua nyuzi za mtande, zile za urefu wa nguo, zitakazoinuliwa ili nakshi itokee. Anayekanyaga, anayepitisha uzi na anayeukaza ni binadamu yuleyule.

Nimesikia kwamba kuna sari ya India ambayo bei yake hupita rupia laki moja, na haina dhahabu hata kidogo. Inawezekanaje?

Unayoizungumzia ni patola ya Patan, mji wa kaskazini mwa jimbo la Gujarat, na bei hiyo ni ya haki. Ningethubutu kusema kwamba katika sari zote hii ndiyo inayodai akili nyingi zaidi, kwa sababu nakshi yake hukamilika kabla uzi wa kwanza haujafumwa.

Nguo nyingi hupata nakshi ama kwa kuchapwa baada ya kufumwa, ama kwa kuingiziwa nyuzi za rangi wakati wa kufumwa. Patola haifuati njia hizo. Nyuzi za hariri hupimwa na kutandazwa, kisha mafundi huzifunga kwa uzi wa pamba, fundo kwa fundo, katika kila sehemu isiyotakiwa kupata rangi. Huzichovya, huzikausha, hufungua mafundo kadhaa na kufunga mengine, huzichovya tena katika rangi nyingine, na hurudia hivyo kwa kila rangi iliyomo katika nakshi. Kwingineko ambako ufundi huu unajulikana, kama Pochampally katika jimbo la Telangana au Sambalpur katika jimbo la Odisha, mara nyingi hufungwa nyuzi za upande mmoja tu, za mtande au za mshindio. Patan hufunga zote mbili. Maana yake ni kwamba sehemu nyekundu ya uzi unaopita kwa mapana lazima ikutane na sehemu nyekundu ya uzi ulionyooka kwa urefu, palepale ilipokusudiwa, katika kila mstari wa nguo yenye urefu wa zaidi ya mita tano. Watu wawili hukaa kwenye kitanda kimoja kilichoinamishwa upande, na baada ya kila sehemu fupi husimama na kuzisogeza nyuzi kwa ncha ya sindano ili mistari ya nakshi ikutane. Kuanzia kufunga mafundo hadi kumaliza kufuma, sari moja huchukua kati ya miezi sita na mwaka, na wakati mwingine zaidi.

Kazi hii imeshikiliwa na jamaa za Wasalvi. Masimulizi yao yanasema kwamba mababu zao walihamishiwa Patan katika karne ya 12 na Mfalme Kumarapala, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya ufalme wa Solanki. Leo familia zinazofuma patola halisi mjini humo ni chache mno, zinahesabika kwa vidole. Nguo hii ilisafiri mbali tangu zamani: wafanyabiashara waliipeleka hadi visiwa vya Indonesia, ambako iliwekwa katika hazina za watawala na kutumiwa katika ibada, na jamii nyingine ikaihesabu kuwa na nguvu za kuponya. Huko Bali, kijiji cha Tenganan kina ufundi wake wenyewe wa kufunga nyuzi za pande zote mbili, na ni mojawapo ya mahali pachache sana duniani ambapo jambo hili linafanyika.

Wagujarati wana msemo kwamba nakshi ya patola huraruka lakini haipauki. Kwa kuwa rangi imo ndani ya uzi wenyewe, sari hii haina mbele wala nyuma. Pande zote mbili ni sawa na zote mbili huvaliwa. Ukiuziwa patola kwa bei nafuu, huenda ikawa ni ya Rajkot, ambako hufungwa nyuzi za mshindio peke yake. Nayo ni nguo nzuri na ya halali, ila muuzaji anapaswa kukuambia hivyo.

Mama yangu aliniachia sari ya Kanchipuram, kusini mwa India, yenye mapindo mapana ya zari. Fundi mmoja ameniambia niichome nipate fedha iliyomo. Je, ni kweli ina fedha ndani yake, na je, nimsikilize?

Ni kweli ina fedha, na nakusihi, dada yangu, usimsikilize.

Zari ya jadi ni uzi wa hariri uliozungushiwa ukanda mwembamba wa fedha, kisha ukapakwa dhahabu. Dhahabu yenyewe ni kidogo sana, haifiki hata asilimia moja ya uzito wa zari, lakini fedha ni nyingi. Ndiyo sababu sari nyingi za zamani zilinunuliwa na watu waliozichoma ili kurudisha madini hayo, na kazi za wafumi ambao hakuna tena anayejua kuziiga zikaishia kuwa majivu. Sehemu kubwa ya zari hutengenezwa Surat, katika jimbo la Gujarat, na siku hizi nyingi inayouzwa ni ya shaba iliyopakwa fedha au ya plastiki inayong'aa. Ikwaruze kidogo mahali pasipoonekana: uzi mwekundu wa hariri ukijitokeza chini ya ukanda, hiyo ni dalili nzuri, ingawa kipimo cha uhakika ni cha maabara.

Thamani ya sari yako, hata hivyo, haipo katika fedha hiyo. Tazama pale mji wa sari, yaani sehemu yake ya katikati, unapokutana na pindo. Katika kazi bora ya Kanchipuram, mji na mapindo huwa na rangi zisizochanganyika hata kidogo, kwa sababu mshindio wa katikati hauingii katika pindo wala wa pindo hauingii katikati. Panakuwa na nyuzi tatu za mshindio zinazosafiri kwa zamu, moja kwa pindo la kushoto, moja kwa katikati na moja kwa pindo la kulia, na mfumi hushirikiana na msaidizi anayekaa kando yake. Kila mstari, nyuzi hizo hunasana kwenye mpaka. Watamili huuita ufundi huo korvai. Kisha tazama ncha ya begani, ile wanayoiita pallu. Ikiwa ni ya rangi tofauti, utaona mstari uliojikunja kidogo unaoitenganisha na mji: hapo nyuzi za mtande, maelfu kwa maelfu, ziliunganishwa moja moja na nyuzi za rangi mpya kabla ya kazi kuendelea. Hakuna mchomaji wa fedha atakayekulipa kwa hilo.

Nilifundishwa kwamba Waingereza waliwakata wafumi wa Bengal vidole gumba ili kuua kazi yao. Je, ni historia au ni hadithi?

Kwa namna linavyosimuliwa, jambo hili halina ushahidi. Lakini kilichoandikwa na mashahidi wa wakati huo kinaumiza vilevile. Mwaka 1772 William Bolts, aliyewahi kuitumikia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kisha akageuka kuwa mkosoaji wake, aliandika kwamba wapo wazungushaji wa nyuzi za hariri huko Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh, waliojikata wenyewe vidole gumba ili wasilazimishwe kuifanyia kazi Kampuni. Baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757 Kampuni ilikuwa na nguvu ya kupanga bei, kuwafunga wafumi kwa malipo ya awali na kuwazuia wasiwauzie wengine. Baadaye uzi wa viwanda vya Uingereza ulijaa katika masoko ya India, huku nguo za India zikitozwa ushuru mzito zilipoingia Uingereza. Melimeli ya Dhaka, kitambaa chepesi sana kilichofumwa kwa pamba nyembamba iliyoota kando ya mto Meghna, ilidhoofika hadi ikatoweka pamoja na kilimo cha pamba yenyewe.

Kilichobaki hai ni jamdani, ambayo ni melimeli iliyotiwa maua ikiwa bado kwenye kitanda cha mfumi. Inafumwa hasa katika vijiji vya kando ya mto Shitalakshya, karibu na Dhaka, na fundi mkuu na mwanafunzi wake hukaa bega kwa bega wakiingiza maua kwa vijiti vya mianzi, bila mchoro wowote chini ya nguo, kwa kumbukumbu peke yake. UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2013, na mwaka 2016 jamdani ikawa bidhaa ya kwanza ya Bangladesh kusajiliwa kwa jina la mahali inapotoka.

Msomaji mwingine ameuliza kwa nini nchi mbili zinagombania sari ya Tangail. Wilaya ya Tangail ipo Bangladesh, lakini baada ya India kugawanywa mwaka 1947 wafumi wengi, hasa wa ukoo wa Basak, walihamia jimbo la West Bengal wakaendelea na kazi katika miji kama Phulia. Mwaka 2024 India iliisajili kuwa yake, Bangladesh ikapinga na kuisajili nayo. Kwa maoni yangu mahali palipoipa jina pana haki ya jina hilo, na waliohamia wana haki ya kutambuliwa kwa ufundi waliokwenda nao.

Je, sari ni vazi la Wahindu? Ningependa kuvaa, lakini mimi ni Mwislamu.

Vaa bila wasiwasi. Huvaliwa na Wahindu, Waislamu, Wakristo na wengine wengi, na huko Varanasi walioketi kwenye vitanda vya wafumi kwa karne nyingi wengi wao ni Waislamu wa jamii ya Ansari, ambao mikono yao ndiyo iliyofuma sari za maharusi wa Kihindu wa India ya kaskazini. Kabir, mshairi wa karne ya 15 ambaye Wahindu na Waislamu wote walimpenda, alikuwa mfumi wa mji huo.

Ninyi husema sari za mkono zinastahili bei kubwa. Fedha hizo humfikia mfumi?

Mara nyingi hazimfikii, na hili ndilo jambo ambalo ningependa wanunuzi walifuatilie kuliko jingine lolote. Sensa ya serikali ya India ya mwaka 2019–20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 wanaoishi kwa kazi ya kufuma kwa mkono na kazi zinazoambatana nayo, na zaidi ya asilimia 70 kati yao ni wanawake. Takribani theluthi mbili ya kaya za wafumi zilisema mapato yao hayafiki rupia 5,000 kwa mwezi. Sensa ya miaka kumi kabla ya hapo ilikuwa imehesabu zaidi ya milioni 4.3, kwa hiyo wengi wameiacha kazi hii.

Sababu kubwa ni utaratibu wenyewe. Mfumi mara nyingi hana mtaji wa kununua hariri na zari. Tajiri humpa nyuzi na mchoro, huichukua sari ikikamilika, na humlipa ujira wa kipande hicho. Faida ya dukani haimhusu. Mke na watoto wakubwa huzungusha nyuzi na kuandaa mtande, na kazi yao imo ndani ya ujira uleule mmoja. Kisha huja sari ya mashine iliyoigizwa nakshi yake, ikauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na mnunuzi asiyejua humwambia muuzaji wa kazi ya mkono kwamba anamwibia.

Sheria ipo. Sheria ya mwaka 1985 ilitenga aina fulani za nguo, zikiwemo sari, zifumwe kwa mkono peke yake, lakini usimamizi wake umekuwa dhaifu, na orodha ya nguo zilizolindwa, iliyoanza na aina 22, ilipunguzwa hadi 11. Tangu mwaka 2015 India huadhimisha siku ya ufumaji wa mkono tarehe 7 Agosti, kukumbuka vuguvugu la kususia bidhaa za Uingereza lililotangazwa Calcutta siku hiyo mwaka 1905. Sherehe ni njema, lakini mfumi hali sherehe. Ukitaka fedha yako imfikie, nunua kwa vyama vya ushirika vya wafumi. Mfano mzuri ni wa Maheshwar, kando ya mto Narmada, ambako ufumaji ulistawishwa na Malkia Ahilyabai Holkar katika karne ya 18, ukadidimia, na ukainuliwa tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na shirika la Rehwa, ambalo limewafundisha na kuwaajiri wanawake wengi. Usipofika huko, muulize muuzaji mfumi ni nani, anaishi wapi, na ilimchukua siku ngapi. Muuzaji anayewajua wafumi wake hujibu papo hapo.

Nitunzeje sari ya hariri yenye zari ili isioze kabatini?

Ifunge katika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kamwe si katika mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ukinaswa humo huifubaza fedha. Ikunje zari ikiwa ndani. Kila baada ya miezi mitatu au minne itoe, ipunge hewa kivulini, kisha ikunje upya mahali tofauti, kwa kuwa hariri hukatika palepale ilipozoea kukunjwa. Manukato yapake mwilini na yakauke kabla hujaivaa, na dawa ya nondo isiguse zari. Usiitundike kwenye kiango cha chuma, wala usiifue nyumbani mara ya kwanza. Ipeleke kwa dobi anayesafisha kwa dawa bila maji. Ikiwa tayari imeanza kupasuka kwenye mkunjo, usiivae kwanza. Mpelekee fundi hodari ashone wavu mwembamba wa hariri chini ya sehemu hiyo, kwa uzi wa rangi ileile, kabla ufa haujafika kwenye pindo.